Sifa za Kurithi: Mhadhara kuhusu Kununua na Kutunza Gari la Familia



Barua mliyoniandikia kama wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo ilinitaka nije niseme gari gani la juu linaifaa familia. Swali hilo naulizwa kila wiki. Nimeulizwa msibani, nimeulizwa kwenye foleni ya benki, na mara moja nimeulizwa na daktari wa meno huku nimeachama na koleo lake limo mdomoni. Jibu linalosubiriwa huwa ni neno moja: Toyota. Au Subaru, kama muulizaji bado kijana. Mimi nimefundisha ufundi wa magari kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nililala chini ya magari kwa miaka mingi zaidi. Neno hilo moja sina.

Niseme kwanza ni magari yapi ninayoyakusudia. Land Cruiser za wakubwa tuziache, na vigari vidogo vya kwendea kazini navyo vina siku yake. Nazungumzia yale ya katikati: RAV4, Vanguard, Harrier, X-Trail, Forester, CR-V, Outlander, CX-5. Injini ya lita 2 hadi 2.5, viti vitano au saba, tumbo liko juu kiasi cha kupita madimbwi ya Goba wakati wa masika, na buti linameza mizigo yote ya Moshi mwezi wa Desemba. Karibu yote yanatufikia kwa meli kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Wenzetu wa Kenya hawaruhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusiwa, ila tunatozwa ushuru wa uchakavu, na kwa kuwa gari la zamani bado huwa na bei nafuu, tunalilipia tu. Basi gari linaloshuka bandarini Dar es Salaam mara nyingi ni mtu mzima, ana historia yake, na historia hiyo imeandikwa kwa Kijapani.

Tatizo letu ni kwamba sifa ya gari tunairithisha kwa jina. Corolla ya baba ilitembea miaka 20 kwa oili ya kupimiwa kwenye chupa na fundi wa chini ya mwembe, basi chochote chenye nembo ile tunakipa urithi uleule, hata kama ndani hakina boliti hata moja ya ile Corolla. Sifa hukaa kwenye injini fulani, ya miaka fulani, iliyofungwa giaboksi fulani. Nembo hubandikwa mwishoni.

Chukueni Subaru Forester, maana vijana wanaipenda. Ile isiyo na turbo ya mwaka 2009 na ile ya 2011, ukiziegesha sambamba, zinafanana kama pacha. Fungua boneti. Ya 2009 ina injini ya EJ, ambayo taimingi yake inazungushwa na mkanda wa mpira. Ya 2011 ina injini ya FB, na humo mna cheni. Mkanda una umri: kilomita 100,000, ubadilishwe. Ukikatika barabarani, valvu na pistoni zinagongana, na hapo hutafuti tena mkanda, unatafuta silinda hedi. Wajapani wanalijua hilo, na fundi wao akishabadilisha mkanda hubandika stika ndani ya chumba cha injini akiandika tarehe na kilomita. Ukinunua Forester ya EJ, tafuta stika hiyo. Usipoiona, hesabu kwamba mkanda haujabadilishwa, na uiweke gharama hiyo ndani ya bei siku hiyohiyo, kabla hujalipa. Mwenye ile ya FB hana haja na stika, lakini awe mtu wa kuchomoa dipstiki mara kwa mara, kwa kuwa baadhi ya injini hizo hunywa oili kimyakimya.

Na kwenye kunywa oili, msidhani ndugu yetu Toyota amesalimika. Injini yake ya lita 2.4 iitwayo 2AZ imo kwenye Harrier, RAV4 na Vanguard nyingi zinazopita hapo nje. Ya miaka ya 2006 hadi 2009 hivi ilitoka na pistoni ambazo ringi zake za kurudisha oili huziba kwa masizi. Zikiziba, oili inabaki ukutani mwa silinda na kuungua pamoja na petroli. Huu si umbea wa gereji. Marekani, Toyota yenyewe ilikubali kuwabadilishia pistoni na ringi baadhi ya wenye magari hayo, na kipimo chao kilikuwa gari linalomaliza karibu lita moja kwa maili 1,200, yaani kilomita 1,900 na kidogo. Pigeni hesabu. Injini inabeba lita 4 na ushei. Wewe umezoea kumwaga oili kila kilomita 5,000 na katikati hufungui boneti. Ukifika kilomita ya 5,000 umebaki na chini ya nusu ya oili, na injini iliyosifiwa ukoo mzima inaanza kugonga.

Sasa tazameni jambo hili: Harrier ya lita 2.4 ina giaboksi ya kawaida ya otomatiki yenye gia nne. RAV4 na Vanguard za soko la Japani, zenye injini hiyohiyo, zina giaboksi ya CVT. Injini ni moja, nembo ni moja, na bado yale ni magari mawili yenye mahitaji tofauti. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu fedha nyingi za wanachama wa vyama kama hiki zimezikwa ndani ya CVT.

CVT haina gia za meno zinazopokezana. Ina puli mbili, na kati yake mnyororo au mkanda wa chuma. Puli zinatanuka na kubana, mkanda unapanda na kushuka, na gari linaongeza mwendo bila ule mshtuko wa kubadili gia. Chuma juu ya chuma, hakuna mpira. Kinachozuia chuma kisile chuma ni oili, na oili hiyohiyo lazima iupe mkanda mshiko usiteleze. Ilainishe na ishike kwa wakati mmoja. Ndiyo maana oili yake imetengenezwa mahususi. X-Trail ya kizazi cha pili, ile ya 2007 hadi 2013, inataka NS-2. Inayofuata inataka NS-3. Vanguard inataka ya Toyota iitwayo TC, au FE iliyokuja baadaye. Sasa fundi wetu amezoea oili nyekundu ya giaboksi ya kawaida, tunayoiita haidroliki. Anamwaga ya CVT, anaweka nyekundu, gari linaondoka vizuri kabisa. Linaondoka vizuri kwa miezi kadhaa. Halafu linaanza kuvuma kama nyuki ndani ya ndoo, linashindwa kurudi nyuma kwenye kilima cha getini, na mwenye gari anasema, "Nissan hazifai."

Nissan nayo ilikuwa na lake, nisiifiche. Mwaka 2009 ilitangaza Marekani kwamba dhamana ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010 inaongezwa hadi miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haifanyi hivyo kwa ukarimu. Giaboksi iliyomo kwenye X-Trail ya kizazi cha pili ni ya ukoo huohuo, imetengenezwa na Jatco, na Outlander ya miaka hiyo nayo inaitumia. Kwa hiyo anayekwambia "achana na X-Trail, chukua Outlander" amekuhamisha chumba, nyumba ni ileile. Na X-Trail ya kwanza kabisa, iliyoishia 2007, ina gia nne za kawaida. Kuisema vibaya kwa makosa ya mdogo wake ni kuionea.

Adui mwingine wa CVT ni joto. Watu saba, mabegi juu, kiyoyozi kimewashwa, unapanda mlima Kitonga nyuma ya lori la mbao. Giaboksi ikishapata moto kupita kiasi, kompyuta inaipunguzia injini nguvu ili kuilinda, na gari linajikokota kama limeishiwa. Dereva anakanyaga zaidi. Asikanyage. Asimame pembeni pa usalama, aiache injini ikinguruma taratibu, oili ipoe. Na akirudi nyumbani abadilishe oili hiyo, hata kama kitabu cha gari hakitaji siku ya kuibadilisha. Vitabu vile vimeandikwa kwa ajili ya mteja wa kwanza, na sisi ni wateja wa tatu. Mimi nawaambia wanafunzi wangu kilomita 40,000. Wapo mafundi wanaosema 60,000, na sigombani nao. Nagombana na anayesema kamwe.

Niwape kisa. Mwaka juzi mpwa wangu, muuguzi mwenye watoto watatu, alinipigia. "Mjomba, nimepata gari, namba D, kilomita 81,000 tu, mwenyewe anahamishwa kikazi." Aina yake siitaji, maana haina kosa. Tulifika nyumba moja Mbezi saa mbili asubuhi. Kabla sijamsalimia dalali niliweka kiganja juu ya boneti. Ya moto. Gari linalouzwa likikutana nawe likiwa limeshapashwa moto, kuna mtu hakutaka ulisikie likiamka. Moshi wa buluu, mlio wa cheni iliyolegea, injini kutetemeka, vyote huonekana katika dakika ya kwanza ya asubuhi, kisha hujificha.

Dalali alisema maneno ya madalali: "Mzee, gari hii ni wewe na mafuta yako tu."

Nilifungua mlango wa dereva, nikawasha taa ya simu, nikainama kutazama kwenye nguzo ya mlango. Palikuwa na stika ndogo iliyofifia, herufi za Kijapani, na kwa kalamu ya wino: 24.6.10, chini yake 98,400. Ni stika ya kubadilisha oili. Dalali naye aliinama. "Unaona? Mwaka 2024 mwezi wa sita. Imefanyiwa sevisi juzijuzi."

Wajapani huhesabu miaka pia kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo 24 ni mwaka 2012: chukua namba ya Heisei, ongeza 1988. Enzi ya sasa, Reiwa, ilianza 2019, hiyo unaongeza 2018. Gari lile lilikuwa limetembea kilomita 98,400 mwezi Juni 2012, likiwa bado Japani. Leo, baada ya bahari na baada ya miaka ya Dar es Salaam, dashibodi inasoma 81,000. Mpwa wangu alinitazama, akatazama stika, akatazama dashibodi. Hakusema kitu. Alirudisha pochi begani.

Nilimwonyesha dalali. Sikumtukana. Inawezekana hata yeye aliuziwa hivyo. Akakuna kichwa, akasema, "Basi tupunguze bei." Lakini aliyerudisha namba za kilomita nyuma amekunyima kitu kimoja tu cha msingi, nacho ni kujua lini ufanye nini. Hujui mkanda una umri gani, hujui oili ya giaboksi imekaa muda gani. Punguzo halilipi hilo.

Stika ni shahidi mmoja, na wapo wengine. Tairi lina tarakimu nne ndani ya kiduara cha yai: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mkanda wa kiti, ukiuvuta hadi chini kabisa, mara nyingi una kilebo chenye mwaka wa kutengenezwa. Mkanda mmoja ukiwa na mwaka tofauti na wenzake, uliza kwa nini ulibadilishwa, kwa kuwa mikanda haibadilishwi kwa urembo. Kama gari linaagizwa moja kwa moja, dai karatasi ya mnada. Humo gari limepewa daraja, 4, 3.5 na kadhalika, na likiandikwa R maana yake liliwahi kuumia na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, alama ya XX ni mahali palipobadilishwa kipande kizima. R siyo hukumu ya kifo. Mlango uliobadilishwa hauniumizi kichwa. Pembe ya chasisi iliyonyooshwa inaniumiza.

Halafu taa ya cheki injini. Ukifungua swichi bila kuwasha, lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameinyamazisha. Ikiwa inafanya kazi, bado iulize mashine. Mashine ya kupimia, hata ile ndogo ya kuunganisha na simu, ina ukurasa unaoonyesha kama kompyuta ya gari imemaliza kujikagua. Makosa yakifutwa asubuhi ya kuuza, ukurasa huo unasema ukaguzi bado. Kompyuta haijui kusema uongo vizuri kama sisi.

Sasa gari umelinunua. Mengi yanayoharibika baada ya hapo tunayaharibu wenyewe, tena kwa upendo. Injini za siku hizi zina vijinjia vyembamba vya oili vinavyoendesha taimingi ya valvu, na kifuniko kimeandikwa 0W-20 au 5W-30. Tunaweka oili nzito kwa kuwa nchi yetu ni ya joto na "nzito inalinda". Hailindi kitu kama haifiki. Injini ya zamani inayokunywa oili, hapo nakubali kupanda ngazi moja. Kutoka 0W-20 kuruka hadi 40 nzito ni kumpa mtoto mchanga makande.

Kwenye rejeta tunaweka maji ya bomba au ya kisima, na huku kwetu maji ya visima yana chumvi. Rejeta ni alumini. Gari likianza kuchemsha, fundi anatoa themostati na kukukabidhi mkononi kama daktari anayekuonyesha jino: "Hiki ndicho kilikuwa kinasumbua." Injini sasa haipati joto lake, inakunywa petroli zaidi, na ugonjwa wenyewe, feni au pampu au gasketi, umebaki ndani unasubiri safari ndefu. Akikutolea themostati, mwambie aifunge mpya leoleo.

Kwenye magari yanayoendesha magurudumu yote, msinunue matairi mawili mapya mbele mkaacha vipara nyuma. Matairi yakizidiana mzunguko, vifaa vya kati vinavyogawa nguvu vinazunguka kwa kugombana muda wote, na Forester ndiyo inayoonyesha machungu hayo upesi. Kuhusu dizeli, CX-5 ya dizeli ni tamu kuendesha. Lakini ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha kwa mwendo mrefu wa kasi. Kama safari zako ni Sinza hadi Posta, nunua ya petroli. Giaboksi yake ya gia sita haina tabu za CVT. Hybridi za Toyota, kama Harrier, nazo huandikwa CVT lakini ndani ni meno ya sayari, hakuna mkanda, msiziogope kwa jina hilo. Ziogopeni kwa vumbi: betri inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, na tundu la kuvuta hewa hiyo likizibwa na manyoya ya kapeti na mabegi ya shule, betri inajipika.

Jambo moja si la gharama, ni la roho. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ililazimu wito mkubwa kuliko wote wa kurudisha magari katika historia, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Kemikali yake ya kulipua, naitreti ya amonia, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali mfuko unaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Joto na unyevu wa miaka mingi: hapo nimeielezea Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. CR-V kadhaa, RAV4 za mwanzoni mwa miaka ya 2000 na X-Trail za kwanza zimo kwenye orodha. Barua ya wito ilikwenda kwa mwenye gari Japani, nawe hukuipata. Watengenezaji wana kurasa za Kijapani ambapo unaingiza namba ya chasisi na kuambiwa kama kazi hiyo ilifanyika. Dakika tano, na simu inakutafsiria.

Mwisho kuna zoezi ambalo nimempa kila aliyenijia, na wachache wamelifanya. Kabla ya kulipa, chukua namba ya chasisi, nenda Kariakoo, Gerezani, ingia maduka matatu. Usiulize bei ya taa na bampa. Uliza shokapu nne, bushi za mkono wa chini, hub beringi, koili moja, pampu ya maji, lita za kutosha za oili halisi ya giaboksi, na giaboksi yenyewe iliyotumika. Andika. Muuzaji akikuuliza "orijino au ya kawaida?", andika zote mbili. Mpwa wangu alifanya hivyo Jumamosi iliyofuata, akiwa na daftari la mtoto lenye picha ya sungura. Alirudi na kurasa mbili, akalifuta moja kati ya magari mawili aliyokuwa anayawaza, na akanunua lingine kwa bei iliyo chini ya mkopo aliokuwa ameidhinishiwa. Baki yake ilikwenda kwenye matairi manne, oili zote, na kulenti ya waridi kwenye rejeta.

Gari hilo amekuja nalo leo, lipo nje chini ya mwarobaini, la kijivu. Boneti imeshapoa. Mwenyekiti akiruhusu, badala ya maswali ya humu ndani twendeni pale, mje na simu zenye tochi. Stika ya Kijapani bado ipo kwenye nguzo ya mlango, na nataka mtu ambaye hajawahi kuisoma atuambie ni mwaka gani.